Ile 9600 unayobonyeza ina mwenyewe: maisha ya Émile Baudot

Kama umewahi kuchomeka bodi ya Arduino kwenye laptopu yako, unakijua kile kidirisha ambacho bodi hukutumia maneno. Pembeni kuna orodha ya namba: 300, 1200, 9600, 115200, na karibu na namba hizo kuna neno baudi. Wewe unachagua 9600 kwa sababu yule jamaa wa YouTube alichagua 9600. Ukikosea, kidirisha kinajaa herufi za ajabu kana kwamba mtu amekalia kibodi. Ukipatia, mambo shwari, unaendelea na maisha.

Mimi nimechagua 9600 kwa miaka minne bila kujiuliza baudi ni mnyama gani. Nilidhani ni neno tu la kupimia mwendo. Kumbe ni jina la mtu! Na siku nilipoanza kumsoma huyo mtu, manze, nililala saa tisa usiku.

Anaitwa Émile Baudot, na jina lake hutamkwa Bodo. Alifariki 1903. Nitakusimulia maisha yake, lakini kwanza nikuambie tulivyokutana, maana hatukukutana kwenye kitabu.

Mwaka jana mzee mmoja alifika kwenye meza ninayoshiriki na mafundi wawili wa simu pale Luthuli Avenue, Nairobi. Nyuma yake kulikuwa na mbeba mizigo anayehema, na mgongoni kitu kizito kilichofunikwa gunia. Tulipofunua tukaona chuma kama taipureta iliyokula ikashiba. Ilikuwa teleprinta ya teleksi.

Wewe wa juzi huenda hujui teleksi. Kabla ya barua pepe, kabla hata ya faksi kuenea, ofisi kubwa zilitumiana ujumbe kwa mashine hizi. Karani wa Nairobi anaandika, na mashine iliyo London inachapa yenyewe kwenye karatasi, herufi kwa herufi, hata kama ofisi ya huko imefungwa na watu wamelala. Yule mzee alifanya kazi hiyo ujana wake wote. Ofisi yao ilipotupa mashine, yeye aliinunua kama chuma chakavu akaiweka nyumbani. Sasa alitaka kitu kimoja tu: mjukuu aandike kwenye laptopu, mashine ichape.

Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba niliacha diploma ya umeme mwaka wa pili karo ilipogoma. Hakusema kitu. Aliniambia niizungushe mashine nisome kibati cha nyuma.

Kibati kilikuwa na namba mbili: miliampea 40, baudi 50.

Baudi 50! Mimi mtu wa 115200, nikaona hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nikachukua kebo ya USB inayotoa RS-232, nikaunganisha moja kwa moja na waya mbili za mashine, nikabonyeza herufi. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

Tatizo ni kwamba vitu viwili nilivyounganisha havizungumzi lugha moja. RS-232 huzungumza kwa volti. Biti ya moja ni volti hasi, kati ya 3 na 15 chini ya sifuri, na biti ya sifuri ni volti chanya za kiasi hicho hicho. Mashine ya mzee haina habari na hayo. Yenyewe inajua mkondo. Ndani yake kuna sumaku ya umeme, koili kubwa ya waya, na miliampea 40 zikipita kwenye koili hiyo mkono wa chuma unavutwa: hiyo ni moja. Mkondo ukikatika, mkono unaachiwa: hiyo ni sifuri. Kebo yangu ilikuwa na uwezo wa miliampea chache tu. Nilikuwa nasukuma lori kwa kupuliza.

Mzee alicheka, akasema kabla sijashika waya nyingine nikatafute Baudot ni nani. Nilidhani ananipotezea muda. Nikaenda hivyo hivyo.

Baudot alizaliwa Septemba 11, 1845, katika kijiji cha Magneux, sehemu za Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisoma shule ya msingi ya pale kijijini, na masomo yake yakaishia hapo. Hapakuwa na sekondari wala chuo cha uhandisi. Alirudi shambani kwa baba yake na akafanya kazi ya jembe mpaka akawa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ungepita Magneux mwaka wa 1868 ukauliza nani hapa atabadilisha mawasiliano ya dunia, hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

Mwaka wa 1869 aliingia shirika la serikali la posta na telegrafu kama mwanagenzi. Walimfundisha kupiga Morse, yale mambo ya nukta na mstari. Kisha wakampeleka kozi ya miezi minne kujifunza mashine mpya zaidi, telegrafu ya Hughes, ambayo ilikuwa na kibodi kama ya kinanda na ilichapa herufi zenyewe kwenye utepe wa karatasi. Siri ya Hughes ilikuwa magurudumu mawili, moja kila upande wa waya, yanayozunguka kwa mwendo mmoja bila kuachana. Shika hilo la magurudumu, tutarudi.

Hapa niseme jambo. Najua mitandaoni mnapenda hadithi ya mtu aliyeacha shule akawa bingwa, na mimi mwenyewe nimewahi kumtumia mamangu video kama hizo, akazisoma na kunyamaza. Baudot hafai kwa kazi hiyo. Yeye hakuacha shule. Kwao shule ilikuwa imefika mwisho. Na alipopata kazi, mwajiri alimkalisha chini miezi minne akamfundisha mashine bora ya wakati ule. Miezi minne ya kukaa na mashine yenyewe, mkono ndani! Mimi katika chuo nilichosoma, kwa mwaka mzima na nusu, oskiloskopu tuliionyeshwa kupitia dirisha la maabara.

Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka 1870, Baudot akaenda vitani. Alirudi kazini Paris mwaka wa 1872, na ndipo likaanza lile jambo.

Fikiria waya wa telegrafu kutoka Paris hadi Bordeaux. Ni mamia ya kilomita za nguzo, vikombe vya kauri na waya wa chuma, na kila kilomita imelipiwa. Kisha mwisho wa waya huo anakaa mtu mmoja na kibodi ya Hughes. Vidole vya binadamu ni vya polepole. Katikati ya herufi moja na nyingine, mtu anasoma karatasi, anakohoa, anatafuta kitufe. Muda huo wote waya uko pale, ghali kama nini, haubebi chochote. Wakubwa wa telegrafu walimhimiza Baudot atafute namna ya kupitisha ujumbe kadhaa kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja. Lakini afanye hivyo kwa muda wake mwenyewe, baada ya kazi. Wewe uliyewahi kupewa mradi na bosi ukaambiwa ufanye ukitoka, unamwelewa.

Jibu lake ni hili. Chukua mfereji mmoja wa mtaani na watu wanne wenye mitungi. Njia ya kawaida ni foleni: mmoja anajaza mpaka mwisho, wengine wanangoja. Baudot alisema, zungusha bomba haraka sana. Mtungi wa kwanza upate tone, wa pili tone, wa tatu tone, wa nne tone, kisha rudi kwa wa kwanza. Ukizungusha haraka vya kutosha, kila mmoja anaona kama mfereji ni wake peke yake.

Bomba lenyewe lilikuwa diski ya duara iliyogawanywa vipande vya shaba, na juu yake brashi ya chuma inayozunguka. Brashi inapopita kwenye vipande vya karani wa kwanza, waya ni wake. Ikipita kwenye vya karani wa pili, waya ni wa huyo. Kule Bordeaux kuna diski na brashi nyingine kama hiyo, zinazunguka sawasawa na za Paris, kwa hiyo matone ya karani wa kwanza yanaangukia mtungi wa kwanza wa upande ule. Hapo ndipo magurudumu ya Hughes yanaingia. Brashi zikipishana kidogo tu, barua ya mfanyabiashara inaingia kwenye utepe wa mtu mwingine.

Na kwa sababu zamu ya kila karani ni fupi, kila herufi ilipaswa kuwa na urefu mmoja. Morse haifai hapo, maana E ni nukta moja na sifuri ni mistari mitano. Baudot akatumia ishara tano kwa kila herufi, kila ishara ikiwa ya namna moja kati ya mbili. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili, unapata 32. Hazitoshi herufi na tarakimu pamoja, kwa hiyo msimbo mmoja ukatengwa wa kuhamisha mashine kwenye tarakimu na mwingine wa kuirudisha kwenye herufi. Kitufe cha Shift unachobonyeza kwenye kibodi yako kinafanya kazi inayofanana na hiyo.

Karani wa Baudot alikuwa na vitufe vitano tu, viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya kulia. Alibonyeza vitufe vya herufi moja vyote kwa pamoja, kama mpiga kinanda anayepiga sauti kadhaa mara moja. Irabu zote zilipigwa na mkono wa kulia peke yake. Vitufe vilijifunga mpaka zamu yake ifike. Brashi ikifika, mashine inagonga tak, vinafunguka, anapiga herufi nyingine. Tak, herufi. Tak, herufi. Ukichelewa, zamu imepita. Walikuwa wakienda karibu maneno 30 kwa dakika, siku nzima, mwendo ule ule kama mpiga ngoma.

Umeona lililotokea hapo? Vidole vitano vimebonyeza kwa pamoja, lakini waya ni mmoja, kwa hiyo brashi inapita kidole kwa kidole na kuzituma ishara moja baada ya nyingine. Upande wa pili zinakusanywa tena tano pamoja, herufi inachapwa. Ndani ya Arduino yako kuna sehemu ndogo kuliko punje ya mtama inayofanya kazi hiyo hiyo: inapokea biti nane kwa pamoja, inazitoa kwa foleni kwenye waya mmoja. Ndiyo maana ya mawasiliano ya seriali. Mkulima wa Magneux aliifanya kwa shaba na brashi.

Hati yake ya umiliki aliiomba Juni 17, 1874. Mwaka uliofuata serikali ikaukubali mfumo. Novemba 12, 1877 ukajaribiwa kwa mara ya kwanza kwenye waya kati ya Paris na Bordeaux, na kabla mwaka haujaisha ukafanya kazi kati ya Paris na Roma, kama kilomita 1,700. Mwaka wa 1878 akaupeleka kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, akarudi na medali ya dhahabu. Mwaka wa 1882 yule mwanagenzi wa darasa la msingi akapewa cheo cha mhandisi mkaguzi.

Sasa nisikudanganye kwamba kila kitu alikitoa kichwani mwake. Ishara tano kwa herufi moja zilishatumiwa na Wajerumani Gauss na Weber mwaka wa 1834. Mfaransa Bernard Meyer alikuwa tayari na mashine ya kugawana waya kwa zamu mwaka wa 1871. Kwenda sawa kwa magurudumu ni kwa Hughes. Baudot alivichukua vitu vitatu ambavyo kila kimoja kilikuwa kikiishi peke yake, akaongeza vyake, akavifanya vifanye kazi pamoja saa baada ya saa kwenye waya wa kweli, mvua ikinyesha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu. Wazo kila mtu analo.

Lakini kuna mtu ambaye hakukubaliana na maoni kama hayo, na sehemu hii ndiyo ilininyima usingizi. Louis Victor Mimault, mfanyakazi mwenzake wa telegrafu kutoka Poitiers, alidai kwamba matumizi ya zile ishara tano yalikuwa yake na kwamba ameibiwa. Wakaenda mahakamani. Kesi ikavutana miaka. Mahakama zikagawanya: mambo fulani yakawa ya Baudot kwanza, mengine ya Mimault. Suluhu zikatafutwa, Mimault akazikataa zote. Mwishowe akamfuata Jules Raynaud, mkuu wa maabara ya utafiti ya telegrafu, akampiga risasi na kumuua. Raynaud hakuwa hata mshindani wake. Alikuwa mkubwa tu aliyesimama upande wa shirika.

Sijui kama kuna namna ya kusoma hilo bila kumwonea huruma mtu yeyote. Mimault alikuwa karani kama Baudot, na mahakama yenyewe ilikubali kwamba kuna kitu alikiona mapema. Leo hakuna kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Na Baudot naye aliendelea kwenda kazini katika shirika ambalo mkubwa wake ameuawa kwa sababu ya ugomvi ulioanzia kwenye mashine yake.

Mwili wake pia haukuwa upande wake. Tangu miaka ya mwanzo kazini alikuwa mtu wa kuugua, wa kukosa kazi mara kwa mara. Alioa akiwa na miaka 44, Januari 1890. Bibi harusi aliitwa Marie Josephine Adelaide Langrognet. Aprili mwaka huo huo Marie akafariki. Miezi mitatu. Agosti, miezi minne tu baada ya mazishi, mashine zake zilikuwa zikiunganisha Paris, Vannes na Lorient kwa waya mmoja. Nimezisoma tarehe hizo mara nyingi. Labda kazi ilikuwa ndiyo dawa, au labda shirika halikumuuliza.

Mashine ilisafiri kuliko mwenyewe. Waitaliano waliitumia, Waingereza wakaichukua 1897 kwa waya wa London na Paris, na Urusi iliipenda kiasi kwamba hata katika Vita vya Pili vya Dunia makao makuu ya jeshi la Sovieti bado yalikuwa yakizungumza na makamanda kwa mashine wanayoiita Bodo. Yeye mwenyewe alifariki Machi 28, 1903, huko Sceaux karibu na Paris, akiwa na miaka 57. Mwaka wa 1926 kamati ya kimataifa ya telegrafu ilipotafuta jina la kipimo cha ishara ngapi hupita kwenye waya kwa sekunde moja, ikachukua lake. Baudi 50 ni ishara 50 kwa sekunde, kila moja milisekunde 20. Ile 9600 yako ni ishara 9,600 kwa sekunde, kila moja takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Na ukiwa na kabambe ya 2G mfukoni, jua kwamba mtindo wa mfereji na mitungi bado upo. Mtandao wa GSM hugawa mawimbi kwa zamu nane, simu yako inapata tone lake, inanyamaza, inapata tena. Unadhani unaongea mfululizo.

Nilirudi kwa mzee nikiwa na adabu.

Mashine yake haikuwa ya Baudot mwenyewe, ilikuwa ya wajukuu wake. Donald Murray, mtu wa New Zealand, ndiye aliyeipanga upya misimbo mnamo 1901 ili itumike na kibodi ya taipureta. Baadaye ikaongezwa ishara ya kuanza na ya kumaliza kwa kila herufi, kwa hiyo hakuna tena brashi mbili zinazozunguka pamoja usiku na mchana; mashine inalala, ishara ya kuanza inaiamsha, inasoma biti tano, inalala tena.

Ili mkondo upite nilihitaji umeme wa moja kwa moja wa volti 120 na resista ya omu 3,000. Gawanya, unapata miliampea 40. Nilimuuliza mzee kwa nini tusitumie volti 12 na resista ndogo, tuwe salama. Akaniambia nifikirie koili. Koili haipendi mkondo ubadilike ghafla. Ukitumia volti ndogo, mkondo unapanda polepole kama mgonjwa anapanda ngazi, na milisekunde 20 zinaweza kupita kabla mkono wa chuma haujavutwa vizuri. Volti kubwa na resista kubwa zinausukuma upande haraka. Gharama yake ni joto, wati 5 hivi kwenye resista, na hatari: volti 120 za namna hiyo zinaua. Kama utajaribu kwako, chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono, na usifanye ukiwa peke yako.

Laptopu haiwezi kuguswa na volti hizo. Kwa hiyo katikati nikaweka optokapla, kile kipande kidogo chenye taa upande mmoja na jicho upande wa pili, ishara inavuka kwa mwanga bila waya kugusana. Jicho linaamuru transista, transista inakata na kuunga mkondo wa mashine. Transista mbili za kwanza zilikufa. Ukikata mkondo wa koili ghafla, koili inarusha volti kubwa nyuma, na nilikuwa nimesahau kuweka diodi na resista ndogo ya kuipokea hasira hiyo.

Ya tatu ilipona, na mashine ikaanza kutetemeka na kugonga bila kukoma kama imepagawa. Hapo mzee hata hakusogea kwenye kiti chake. Alijua kelele hiyo: ndiyo iliyokuwa ikilia ofisini waya wa nje ukikatika. Mashine hizi zikipumzika hutaka mkondo uwe unapita. RS-232 ikipumzika iko volti hasi, taa ya optokapla yangu ilikuwa imezimika, mkondo umekatika, mashine inadhani imeibiwa waya. Niligeuza waya za taa, ikatulia.

Kebo yangu ya USB nayo ikakataa kushuka chini ya 300. Nikaitupa kando, nikaiweka Arduino katikati: inapokea kutoka laptopu kwa 9600, inageuza kila herufi kuwa biti tano za Murray, kisha inahesabu milisekunde 20 kwa kila biti na kuzitoa kwa mwendo wa mzee. Sifuri ya kuanza, biti tano, moja ya kumaliza yenye urefu wa biti moja na nusu.

Mjukuu wake alikuwa amekuja siku hiyo, binti wa darasa la sita. Mzee akamwambia aandike neno TUPO, ndilo walilokuwa wakituma asubuhi kujaribu waya. Akaandika. Mashine ikagonga mara nne, sote tukainama.

Karatasi ilisema 5790.

Mimi nikaanza kutafuta kosa kwenye waya. Mzee alikuwa ametoa miwani, anaitazama ile karatasi kwa utulivu, akasoma kwa sauti: tupo. Miaka yote hiyo, bado alikuwa anazisoma tarakimu kama herufi, maana ni vitufe vile vile: T ni 5, U ni 7, P ni 0, O ni 9. Nilikuwa nimesahau kutuma ule msimbo wa kuirudisha mashine kwenye herufi. Nikauongeza kwenye programu, mstari mmoja tu, binti akaandika tena.

TUPO.

Mzee alichana karatasi zote mbili, ile yenye kosa na ile iliyo sawa, akazikunja pamoja akatia mfuko wa shati. Kisha akaniuliza ni pesa ngapi.